Mwanamke Aliyelegeza Bolti

Kama hujawahi kumwona Nurdini wa Kanyenye akibana bolti mbele ya mteja, umekosa tamasha. Alikunja mikono ya shati, akatema mate pembeni, akachagua spana kubwa kuliko kazi yenyewe, kisha akabana mpaka mishipa ya shingo ikasimama, huku akiguna kama mtu anayejitwisha gunia la mpunga. Mteja akiusikia mguno ule, roho yake inatua. Injini imefungwa na mwanamume, haivuji tena mpaka kiama.

Ukweli, ambao mjini hapakuwa na aliyetaka kuujua, ni kwamba kazi yote ya injini ile ilikuwa imekwisha kufanywa na mke wake, Maua. Kilichobaki kwa Nurdini ni zile bolti tu, na ndizo alizokuwa akiziharibu.

Maua alikuwa mtoto wa pekee wa fundi Mfaume, mwenye gereji nyuma ya maduka ya Kanyenye. Watu walimhurumia Mfaume kwa kukosa mtoto wa kiume, huruma ile ya kinafiki inayonywewa kahawa. Alimkalisha binti yake juu ya tairi bovu, akampa kitambaa na petroli kidogo, akamfundisha. Kila fundi ana ugonjwa anaoumudu kuliko wenzake, na wa Mfaume ulikuwa oili inayovuja juu ya injini, pale kwenye kava ya tapeti. Ni kifuniko tu cha bati jepesi, kinakaa juu kabisa ya injini kuzuia oili isiruke nje, na chini yake kuna gasketi ya mpira, nyembamba kama kamba ya kiatu. Kitu kidogo hivyo kimewatoa jasho mafundi wenye majina makubwa.

"Usikimbilie kubadilisha gasketi," Mfaume alikuwa akimwambia. "Uliza kwanza imevuja kwa nini."

Basi Maua akajifunza kuuliza. Alianza na paipu ya pumzi, maana injini isiyopumua husukuma oili itokee popote penye upenyo. Mabaki ya gasketi kuukuu aliyakwangua kwa kipande cha mti, si kwa patasi, chuma kisije kikachubuka. Silikoni aliitia kwenye kona peke yake, tone dogo, si kama wale wanaopaka kama wanapaka siagi kwenye mkate. Bolti alianza na za katikati akaenda nje, kwa vidole kwanza, halafu kwa spana ndogo aliyoishika karibu na kichwa cha spana yenyewe ili mkono usipate nguvu.

"Hii si tairi," baba yake alimwonya. "Ukibana sana bati linapinda, mpira unabinywa, oili inapata mlango. Bana inavyotosha, uache."

Nurdini alikuja pale kutoka Ujiji, kijana mzima, mrefu, mwenye maneno ya kumtoa nyoka pangoni. Mikono yake ilikuwa mizito kwenye kazi, lakini mdomo wake ulileta wateja kutoka Nzega mpaka Urambo. Mfaume akaona amepata mkwe na mrithi wa gereji kwa harusi moja. Alifariki akiamini hivyo, Mungu amrehemu. Wazee wakishakufa hatuwasemi, ingawa huyu angestahili kusemwa kidogo.

Ndoa ilianza na raha zake. Walifanya kazi bega kwa bega, akapatikana binti, Hafsa, akakulia miongoni mwa makopo ya oili. Kisha siku moja dereva wa lori la ng'ombe kutoka Igunga alitoka kula akamkuta Maua ameinamia injini yake. Alipiga kelele kama aliyemkamata mwizi. Gari lake linachezewa na mwanamke! Akaita watu, wakalisukuma lori lile mpaka kwa fundi mwingine, kava ikiwa bado mezani kwa Maua.

"Mama Hafsa, tufanye hivi," Nurdini akamwambia walipofunga kazi. "Wewe maliza yako mteja akiwa hayupo. Akirudi, anikute mimi nabana. Watu huamini wanachokiona."

Maua alicheka, akakubali. Wanaomwonea huruma wasilisahau hili: alikubali. Alimpenda mumewe, gereji ilikuwa imepoa, na nyumbani kwao alifundishwa kwamba mke ni sitara ya mume. Akaona ni mchezo mdogo wa watu wawili dhidi ya ujinga wa watu wengi.

Ikawa desturi. Nurdini anabana na kuguna, mteja anasifu, kisha mteja anakwenda kuswali au kutafuta wali. Hapo Maua anatoka na spana yake ndogo, anazilegeza bolti zote, anazirudisha moja moja kwa kipimo chake. Lori linaondoka, halivuji. Nurdini alikuwa akimnong'oneza, "Umeshanisahihisha?" na wote wawili wanacheka mpaka machozi.

Kicheko kile kilikufa polepole, hata Maua asiweze kusema kilikufa lini. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Madereva walimsifu Nurdini kwenye vijiwe vya kahawa, wakasema mkono wake ni jiwe, akibana amebana, naye akaanza kuziamini sifa hizo. Akiwa na wageni, Maua akipita na spana, yeye anasema, "Huyo anapenda kupangusapangusa." Ilifika siku wakiwa wawili tu, hakuna mgeni wa kudanganywa, Maua akamwambia gasketi ya lori fulani isiguswe tena. Nurdini akamtazama kwa mshangao wa kweli. "Wewe unanifundisha mimi kava ya tapeti?"

Siku ile ndipo ilipomwingia Maua njaa ambayo hakuwa nayo. Hakutaka kibao chenye jina lake wala kupigiwa makofi. Alitaka mara moja tu, mbele ya mteja, mumewe aseme kwamba fundi ni Maua. Aliwahi kumwomba, kwa adabu, alipokuwa anamtengea chakula. Nurdini alijibu kwamba atasema, siku ikifika. Mke akingoja siku ambayo tarehe yake iko mfukoni mwa mume, atangoja sana.

Shigela alikuja msimu wa tumbaku. Alikuwa Msukuma aliyehamia Ulyankulu, analima tumbaku na kuisafirisha, yake na ya ndugu zake, kwa lori lake mwenyewe. Mtu wa watu, mwenye kicheko cha kufungua mlango. Lori lake lilikuwa limelowa oili upande mzima wa injini, na oili hiyo ilidondokea bomba la moshi linalotoka injini, ikitoa moshi wa bluu.

"Fundi, linavuja, lakini mimi nasema kuvuja kwa pakacha nafuu ya mchukuzi," alimtania Nurdini. "Likimaliza oili yote litakuwa jepesi."

"Na wewe utakuwa mchukuzi kweli," Nurdini akajibu. "Utayabeba marobota kichwani mpaka mjini, kama babu zetu walivyobeba pembe za ndovu."

Wakacheka. Shigela akaenda sokoni kununua kamba, Maua akaingia kazini. Aliikuta paipu ya pumzi imeziba kwa tope la oili, akaizibua. Akasafisha, akakausha, akaweka gasketi mpya, akafunga kwa kipimo chake. Ilikuwa kazi safi, ambayo Mfaume angeipitishia kidole na kunyamaza, na kunyamaza kwake ndiko kulikuwa kusifu.

Shigela aliporudi, Nurdini alikuwa tayari amekunja mikono ya shati. Siku hiyo palikuwa na watazamaji wengi, akajitia nguvu kuliko kawaida; alichomeka kipande cha bomba kwenye mkono wa spana ili iwe ndefu zaidi. Maua alisikia bati likilia. Mteja hakulisikia, alisikia mguno.

"Wabeja, fundi! Hapo umebana," Shigela akashukuru kwa Kisukuma chake, akapanda lorini, akawasha.

Hakwenda kula. Alikuwa anaondoka palepale. Mnunuzi wa tumbaku alikuwa anafika mjini karibuni, na ndugu zake walimngoja Ulyankulu na marobota yamepangwa. Maua alifika mlangoni mwa lori na spana ndogo imefichwa kwenye kanga.

"Shemeji Shigela, subiri kidogo. Zima injini, niangalie kitu."

"Kitu gani, shemeji?"

Palikuwa na jibu moja tu, nalo lilikuwa: mume wangu ameharibu. Maua alilitafuta jibu jingine, la kumwokoa Shigela bila kumvua nguo Nurdini mbele ya wanaume wote wale, na hakulipata upesi. Nurdini akamwahi.

"Wanawake kwa maneno! Mwache mtu awahi soko lake."

Wanaume wakacheka. Na Maua, Mungu amsamehe, akacheka nao, akarudi nyuma. Lori likashika barabara ya Ulyankulu. Tangu hapo hakula, hakukaa, alikuwa akitoka nje kutazama njia kama mtu mwenye mgonjwa. Aliwaza kumpigia Shigela simu. Namba ilikuwa kwenye simu ya Nurdini, na Nurdini alipoombwa aliuliza, "Umpigie umwambie nini?"

Lori lilifika Ulyankulu kwa sababu lilikwenda tupu. Lilipopakia marobota na kuanza kurudi, injini ikafanya kazi nzito, bati lililopinda likafungua mdomo, na oili ikamwagika juu ya bomba la moto. Shigela aliona moshi, akadhani ni ule wa zamani unaojimaliza. Alipokuja kuziona ndimi za moto, tayari zilikuwa zimepita kichwa cha lori. Aliruka, akaanza kuvuta marobota kwa mikono mitupu, na tumbaku kavu haina subira. Jasho la ndugu zake la mwaka mzima likaungua porini huku wapita njia wakisimama mbali na kusema inanukia vizuri.

Lori lilivutwa kwa kamba mpaka gereji ya Kanyenye. Shigela alishuka kwenye gari lililolivuta, mikono yake imefungwa bandeji mpaka viwikoni, na kile kicheko hakikuwepo. Nyuma yake walikuja ndugu zake. Akaitwa mzee Kasimiri, fundi mkongwe wa mtaa, aliyewahi kushika spana na marehemu Mfaume, aje aangalie na kuamua.

"Shikamoo, mzee," Maua akamwamkia, akampa kigoda.

"Marahaba, mwanangu."

Kasimiri hakukaa. Aliinama kwenye injini iliyoungua, akaitoa kava, akaigeuza kwenye mwanga. Maua, aliyesimama kando na chupa ya chai, alimwona akipitisha dole gumba ukingoni. Katikati ya tundu moja la bolti na jingine bati lilikuwa limeinuka, na pale penye bolti limezama. Hata asiyejua angeona, na Kasimiri alijua. Aliinua macho, yakakutana na ya Maua, akayashusha.

"Moto ukishapita hauachi ushahidi," Kasimiri akasema, akaiweka kava chini kifudifudi.

Angeweza kusema. Lakini na yeye alikuwa na gereji, na yeye huguna mbele ya wateja, na fundi akikubali kwamba kubana sana ni kuharibu, kesho watamuuliza na yeye. Watu wazima huuza haki kwa bei hiyo ndogo, kisha wanaomba chai.

"Basi nataka kumjua aliyefunga injini yangu," Shigela akasema. Hakupiga kelele. "Sitaki kesi ya polisi. Nataka kumjua tu, na nataka asiguse gari la mtu mwingine maisha yake yote."

Maua alimtazama mumewe. Alikuwa amemsitiri mtu yule miaka yote ya ndoa yao, na hata sasa, pamoja na mikono ile ya Shigela mbele yake, sehemu ya moyo wake ilikuwa inatafuta namna ya kumsitiri tena. Alitaraji atasema ni bahati mbaya, au ataulaumu mpira wa gasketi, au atanyamaza kama Kasimiri.

Nurdini aliufuta uso wake kwa kiganja. "Nisikufiche, ndugu yangu Shigela," akasema. "Fundi ni Maua. Kava ile aliifungua yeye, akaisafisha yeye, gasketi akaiweka yeye. Gari zote za hapa ni yeye. Mimi hubana bolti tu."

Ndiyo, alilisema. Alilisema mbele ya mteja, mbele ya Kasimiri, mbele ya mtaa mzima uliokuwa umejaa mlangoni, kwa sauti ya kusikika, na hakuacha neno. Ilikuwa siku yake, na imefika.

"Bhebhe! Mwanamke?" ndugu mmoja wa Shigela akashangaa.

"Ni kweli," Maua akasema. Sauti yake ilitoka safi kuliko alivyodhani. "Fundi ni mimi, tangu baba yangu alipokufa. Na nilipoifunga ilikuwa haivuji. Imevuja kwa sababu bolti zilibanwa kupita kiasi."

Mtu akacheka kule mlangoni, na kicheko kikasambaa. Zimebanwa kupita kiasi, eti! Kitu kimebanwa, halafu kinavuja! Hata Shigela alitikisa kichwa, akamtazama kwa huruma iliyouma kuliko hasira.

"Shemeji," akasema, "bolti zikibanwa niliziona kwa macho yangu. Mumeo alibana vizuri. Usimtupie lawama mwenzako aliyejitahidi kuokoa kazi yako."

Maua akamgeukia Kasimiri. "Mzee, iinue hiyo kava uwaonyeshe."

Kasimiri alikuwa anapuliza chai yake. "Mwanangu, mambo yamekwisha. Msameheane."

Nurdini ndiye aliyemalizia. Kabla Maua hajafungua mdomo tena, aliapa kwa Mungu, kwa niaba ya mkewe, kwamba mkono wa Maua hautagusa injini nyingine. Wakapeana mikono, isipokuwa Shigela, ambaye mikono yake haikuweza kushikwa.

Walipobaki wawili, Maua alimuuliza swali moja. "Baba Hafsa, kwa nini?"

Nurdini hakuwa na aibu hata kidogo, na hilo ndilo lililomchoma. Alimwelezea kwa upole, kama anavyoelezwa mtoto. "Fikiri. Mimi nikiharibikiwa jina, gereji ya baba yako imekufa, tutakula wapi? Wewe umepoteza nini? Hukuwa na jina la kupoteza."

Maua alikwenda jikoni, akaosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa. Alilia kwa hasira, akajichukia kwa kuwa alicheka siku ile pale mlangoni mwa lori. Mikono ya Shigela haikumtoka machoni, na mpaka leo haijamtoka. Nurdini ana lake la kujibu, lakini na Maua analo, na analijua.

Haikupita wiki, likaja lori jingine linavuja. Mteja akapelekwa kukaa kivulini, na Nurdini akaja mpaka mlango wa jikoni ameshika kava, oili ikimdondokea viatuni.

"Mama Hafsa. Mara moja tu. Mteja haoni."

Maua alikuwa anapeta mchele. Hakuinua uso. "Uliapa."

"Niliapa kwa ajili ya watu."

"Uliapa kwa Mungu, mkono wangu usiguse. Mpelekee fundi."

"Fundi nani?"

Maua aliendelea kupeta. Alimsikia akirudi gereji, akasikia vyuma vikigongwa, kisha ule mguno. Lori lilivuja kabla halijafika hata Ipuli, pale pale mjini. Lililofuata likavuja, na jingine, maana sasa hapakuwa na wa kutoka na spana ndogo wakati wa sala. Kila mguno Maua aliusikia kutoka jikoni, na kila mara vidole vyake vilijikunja vyenyewe. Gereji ilikuwa ya baba yake. Aliiacha ife huku akiisikiliza mpaka mwisho, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba hilo nalo lilikuwa linamuua.

Sasa pale pamejengwa duka la mabati. Nurdini amerudi Ujiji, na habari zinazofika ni kwamba bado anasimulia alivyokuwa akibana. Maua anaishi kwa binti yake na anauza vitumbua. Ukiuliza Kanyenye gereji ya Mfaume ilikufaje, hawatamtaja Nurdini kwa ubaya, maana mkono wake ulikuwa jiwe. Watakuambia aliponzwa na mkewe: Maua, binti Mfaume, aliyeunguza tumbaku ya watu wa Ulyankulu. Jaribu kuwabishia, useme huenda mama yule hakuwahi kushika hata spana. Watakukatalia wote kwa sauti moja, mpaka wapita njia wasikie. Huyo, watasema, alikuwa fundi.